Kuhama Mji: Nasaha kwa Aila za Karatu na Ngorongoro



Siku hizi haupiti mwezi hapa Karatu pasipo kusikia kwamba jamaa fulani wamefunga mizigo yao na kuteremka Arusha. Sisi tunaofundisha chuoni twalijua jambo hili mapema kuliko wengine, kwa sababu mtoto huja wiki hii na juzuu yake, na wiki ya pili mahali pake pako wazi, tukiuliza, wenziwe hutujibu, "Maalim, wamehama." Na wapo wengi zaidi ambao bado hawajahama, lakini kila usiku baada ya kula mazungumzo ya nyumbani ni hayo hayo: twende au tukae?

Katika makala haya hatumkatazi mtu kuhama wala hatumhimizi. Riziki ya mja iko mikononi mwa Mola wake, na dini yetu haikumfunga mtu mahali alipozaliwa. Lakini kuhama na watoto, na mke, na pengine mama mzazi aliyekwisha zeeka, ni jambo zito kuliko safari ya mtu mmoja mwenye begi lake. Kwa hiyo twataka kuyataja yale yanayopasa kupimwa kabla mkono haujatia sahihi kwenye karatasi ya kuuzia nyumba.

Kile kinachowavuta watu

Arusha ni jiji la kadiri. Si kama Dar es Salaam, ambako sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tano. Wala si kama Karatu, ambako mwenye duka humwita mteja wake kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mwaka 2012 jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442. Mwaka 2022 wakahesabiwa 617,631. Maana yake katika miaka kumi jiji hilo limeongezeka watu laki mbili na zaidi, na si wote waliozaliwa huko. Wengi wametoka wilayani, na baadhi yao ni hao jirani zetu.

Nasi hatuwalaumu. Kutoka Karatu hadi Arusha ni mwendo wa kilomita 140 na kitu kwa barabara ya lami: mtu hupita Rhotia, akateremka ule mteremko wa Manyara hadi Mto wa Mbu, akafika Makuyuni, na kabla ya adhuhuri amekwisha kufika Soko la Kilombero. Huko kuna hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mount Meru, kuna vyuo na shule nyingi za sekondari, na kuna kazi za namna ambazo kwetu hazipo. Kijana aliyejifunza ufundi wa umeme hapa Karatu aweza kungoja kazi wiki nzima, na huko akapata mbili kwa siku moja. Hayo yote ni kweli.

Lakini yapo mambo mengine ambayo hayaonekani kwa mtu aendaye kutembea siku mbili kwa ndugu yake akarudi, kwa kuwa mgeni wa siku mbili halipi kodi, hanunui maji, wala hamtafutii mtoto shule.

Hesabu ya visivyonunuliwa

Walitujia mume na mke mmoja baada ya sala ya Magharibi. Mume ni fundi wa magari hapa mjini; mke analima bustani nyuma ya nyumba na ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Wana watoto wanne, na mama mzaa baba anaishi nao. Rafiki wa mume alikuwa amemwahidi kazi katika gereji moja huko Arusha, na mnunuzi wa nyumba alikwisha patikana.

"Maalim," alisema mume, "tumekuja kwako kwa shauri. Mimi nataka twende, mwenzangu hataki."

Mke akajibu kwa adabu, "Si kwamba sitaki, Maalim. Mwezi wa kwanza tutakula fedha ya nyumba. Mimi nauliza mwezi wa pili tutakula nini."

Hatukusema nani ana haki. Tulimwita binti yao mkubwa, tukampa karatasi na kalamu, tukamwambia aigawe karatasi sehemu mbili. Upande mmoja aandike mshahara wa baba yake wa hapa na ule wa Arusha. Upande wa pili aandike kila kitu ambacho nyumba yao yatumia pasipo kukinunua.

Upande ule wa pili ulijaa upesi. Mahindi na maharage ya shamba. Maziwa. Sukuma wiki na maboga ya bustanini. Kuni. Nyumba isiyo na kodi. Shule ambayo watoto huiendea kwa miguu. Bibi anayebaki na mtoto mchanga mama akienda sokoni. Shangazi wa nyumba ya tatu ambaye hukopesha pishi ya unga bila maneno. Chuo cha Qur'ani ambacho ada yake, siku ikikosekana, mwalimu husubiri. Katika jiji kila kimoja cha hivyo ama chanunuliwa ama hakipatikani. Mshahara wa Arusha ulikuwa mkubwa kweli. Lakini walipouweka mbele ya kodi, maji, mkaa, unga, maziwa na nauli ya watoto wawili, ule uzidi wake ukapungua hata mume mwenyewe akanyamaza.

Ni haki kuutaja na upande wake. Baada ya kunyamaza alisema, "Andika na hili, mwanangu: nauli ya kumpeleka bibi Arusha kwa matibabu kila mwezi. Na andika kwamba wewe wataka kusoma masomo ya sayansi." Hayo nayo yalikuwa na uzito, wala mke hakuyapinga. Karatasi ile haikuwaamulia jambo. Iliwafanya wabishane juu ya vitu vinavyohesabika, wakaacha kubishana juu ya nani mwoga na nani mwenye tamaa.

Usisafirie nyota ya mwenzio

Wazee wetu wa pwani walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na neno hilo lawafaa sana watu wa bara katika jambo hili. Aghalabu mtu huhama kwa kuwa fulani alihama akafanikiwa. Hauulizi ule mwaka wa kwanza wa fulani ulikuwaje, wala nani alimlaza, wala alikuwa na mtaji gani.

Tena yapasa kujua kwamba Karatu na Arusha zanywa katika kisima kimoja. Hoteli za huku na makampuni ya safari ya huko, madereva, wapishi, mafundi, wauza vinyago, wote hutegemea wageni wajao kutazama Ngorongoro na Serengeti. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowazuia wageni, hoteli za Karatu zilifungwa milango na magari ya Arusha yakasimama uani, kwa mwezi ule ule. Na hata katika mwaka wa heri, mvua za masika za Aprili na Mei hupunguza wageni. Basi fundi anayetoka gereji ya magari ya watalii hapa akaingia gereji ya magari ya watalii huko hajaikimbia hatari. Ameichukua, akaiongezea kodi ya nyumba. Tofauti ni kwamba hapa, kazi ikisimama, shamba lipo. Mtu mwenye kazi isiyotegemea wageni, kama mshonaji, mwashi, mwalimu au mwuza nafaka na vitunguu vya Mang'ola, huyo hesabu yake ni nyingine, na pengine jiji litamfaa zaidi.

Mafunzo ya Hijra

Sisi Waislamu tuna mfano wa kuhama ulio bora kuliko yote, hata tarehe yetu twaihesabu tangu hapo. Mara nyingi twausimulia kwa watoto kama kisa cha safari na pango, tukaacha maandalizi yake, ambayo ndiyo yenye faida kwa mwenye kutaka kuhama.

Mtume (s.a.w.) hakuiendea Yathrib kwa kusikia sifa zake. Kwanza watu wa huko walimjia, wakaahidiana naye katika Akaba, na mwaka uliofuata wakaja wengi zaidi. Baada ya ahadi ya kwanza alikuwa amemtuma Mus'ab bin Umair atangulie, akae nao, awafundishe, na ajue hali yao. Masahaba wakatangulia mmoja mmoja na jamaa kwa jamaa. Na siku yake mwenyewe ilipofika mwaka 622, alimwacha nyuma Sayyidna Ali arejeshe amana za watu wa Makka, hata za wale waliomfanyia uadui. Hakutoka mjini na deni la mtu.

Alipofika aliwafunga udugu Muhajirina na Ansari, ili kila mgeni awe na nyumba ya kubisha hodi. Kiwanja cha msikiti kilikuwa cha mayatima wawili. Walitaka kukitoa bure, naye hakukubali ila kilipwe. Na Abdurrahman bin Auf, alipopewa na ndugu yake wa Kiansari nusu ya mali yote, alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe njia ya sokoni tu, akaanza kwa samli na jibini.

Tazameni basi mambo yaliyomo: mtu wa kutangulia, mwenyeji anayejulikana, deni lililolipwa, kiwanja kilichonunuliwa kwa haki, na mhamaji anayeuliza soko lilipo kabla ya kuuliza atakula kwa nani. Mtu akiyapata haya matano, na ahame kwa jina la Mwenyezi Mungu. Akiyakosa yote matano, na asubiri.

Nyumba si ya mmoja

Hapa twataka kusema neno kwa waume, nasi ni waume. Mume ndiye mwenye wajibu wa kumpatia mkewe chakula, nguo na maskani, wala maskani si neno la mzaha: ni mahali penye stara. Chumba kimoja cha watu saba katika nyumba ya wapangaji wengi, choo kimoja, na binti aliyekwisha baleghe, si stara. Aidha mali ya mke ni ya mke. Ng'ombe aliyemnunua kwa fedha yake, au shamba alilorithi kwa baba yake, haliingii katika hesabu ya safari ila kwa ridhaa yake.

Na sheria ya nchi yasema karibu na hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, au kuipangisha, au kuiweka rehani, pasipo idhini ya mwenziwe. Kwa hiyo yule mke aliyetujia, hata kama angenyamaza kwa haya, haki yake ilikuwa imeandikwa. Ardhi ya kijiji nayo ina Sheria yake Namba 5 ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji hupaswa kushirikishwa kabla haki ya mtu haijapita kwa mwingine. Auzaye kwa siri usiku mmoja huwaachia watoto wake kesi.

Kadhalika na ununuzi wa huko. Pembezoni mwa Arusha, upande wa Muriet na Olasiti na kwingineko, viwanja huuzwa kila siku, na vingine havijapimwa. Mnunuzi na aende kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, awaulize majirani wa pande zote nne, kisha aulize katika idara ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji kama mahali hapo pana mpango wa barabara au mgogoro. Asitoe fedha mbele ya dalali peke yake. Kwa anayepanga, ajue kwamba wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na fedha hiyo iwe tayari kabla ya mizigo kupakiwa.

Jirani zetu wa ndani ya lango

Hatuwezi kusema juu ya kuhama hapa Karatu tukanyamaza juu ya jirani zetu wanaokaa ng'ambo ya lango la Lodoare, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kwao swali la twende au tukae limekuwa zito kuliko letu.

Hifadhi ile, yenye kilomita za mraba zipatazo 8,300, ilianzishwa mwaka 1959, ilipotengwa na Serengeti. Wafugaji wa Kimasai waliotolewa Serengeti walikubaliwa kukaa humo na mifugo yao pamoja na wanyama wa porini. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku, kikaruhusiwa tena kwa kiasi mwaka 1992, na baadaye kikakatazwa tena. Hata leo nafaka ya humo hununuliwa kutoka nje. Watu waliokuwa maelfu machache mwaka 1959 wamezidi laki moja. Serikali ilisema ardhi haitoshi kwa watu, mifugo na wanyama, na tangu Juni 2022 ikaanza kuwahamishia Msomera, katika wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, mamia ya kilomita kutoka kwao. Kila kaya ilijengewa nyumba ya vyumba vitatu katika eneo la ekari 2.5, ikapewa na shamba la ekari 5.

Serikali imesema kuhama huko ni kwa hiari. Baadhi ya wakazi, na mashirika ya haki za binadamu, wamesema huduma za shule na afya zilipunguzwa ndani ya hifadhi hata watu wakaona hawana njia ila kutoka, na kwamba kaya yenye wake wengi haienei katika nyumba moja. Mwezi wa Agosti 2024 watu wengi walikusanyika barabarani ndani ya hifadhi kudai haki zao, na Desemba mwaka huo Rais alikutana na viongozi wao Arusha, akaahidi tume mbili: moja ya kuchunguza habari za ardhi, na moja ya kuchunguza zoezi lenyewe la kuhama.

Sisi hatukuwekwa kuwa makadhi wa shauri hilo. Lakini latufundisha jambo moja kubwa. Mwenye kuhama kwenda Arusha aweza kuonja, na akiona chungu, akarudi. Yule ambaye boma lake limevunjwa nyuma yake hana pa kurudi, hata nyumba mpya ikiwa nzuri. Basi hiari si neno la kutamka tu siku ya kuondoka. Hiari ni kuwa na mahali pa kurudi. Ajabu ni kwamba baadhi yetu, ambao hakuna aliyetuambia tutoke, twaivunja nyumba yetu kwa mikono yetu kabla hatujajua tuendako. Twamjua mtu mmoja aliyeuza nyumba yake ya hapa Karatu, fedha ikaishia katika kodi na biashara isiyosimama, akarudi baada ya miaka miwili. Leo apanga vyumba viwili katika mji ambao alikuwa na nyumba. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na kwa jirani yetu wa Ngorongoro aliyekuja kukaa Karatu, iwe kwa kupenda au kwa kukosa jinsi, tuna wajibu wa Ansari. Tusimpandishie bei ya kiwanja kwa kuwa twajua amebanwa, na watoto wake tuwapokee chuoni na shuleni bila kuwacheka lugha yao.

Lililofanywa na wale wawili

Wale mume na mke hawakuuza nyumba. Mume alitangulia peke yake Arusha, akakaa kwa kaka yake Sombetini tangu Machi, maana mke alishika neno kwamba aende aonje masika, asingoje msimu wa wageni. Aprili alipata kazi siku chache sana, na Julai alipata hata usiku. Kwa hiyo walijua hesabu ya mwaka mzima, si ya mwezi mmoja mzuri. Mke alikwenda mara mbili kutazama, na mara zote mbili alitafuta kwanza msikiti wenye chuo cha watoto, kisha shule, kisha ndipo akatafuta chumba karibu na hivyo viwili. Walihama Januari, mwaka mpya wa masomo ulipoanza, wakiwa na barua za uhamisho za watoto mkononi. Nyumba ya Karatu imepangishwa kwa mwalimu wa shule, isipokuwa chumba kimoja, ambacho ni cha bibi. Bibi alikataa kata kata kuhama. Sasa huenda Arusha siku za matibabu, akalala kwa mwanawe, akarudi. Ng'ombe yuko kwa shemeji kwa makubaliano ya nusu ya maziwa.

Hatujui kama watakaa huko maisha. Twajua kwamba hawadaiwi, hawajagombana, na mlango wao wa nyuma haujafungwa.

Neno la mwisho

Watu wengi hutuuliza juu ya istikhara. Sala ya istikhara ni rakaa mbili na dua yake, na ni jambo jema kwa kila mwenye shauri. Lakini istikhara haiondoi wajibu wa kuuliza na kushauriana. Muislamu huuliza, huhesabu, hushauriana na mkewe na wazazi wake na watoto waliokwisha kukua, kisha humwomba Mola wake amchagulie. Anayeomba pasipo kuuliza amefanya nusu ya kazi, na anayehesabu pasipo kuomba naye hali kadhalika.

Basi enyi ndugu, usiku huu baada ya kula, kabla hamjarudia maneno yale ya jana, mpeni mmoja wa watoto karatasi na kalamu, aandike kile mnachokila pasipo kukinunua. Kisha ulizaneni nani atatangulia, na nani atabaki na ufunguo.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa na utulivu, wakaao na wahamao, na awafanyie wepesi jirani zetu katika kila dhiki. Amin.